Gitaa la Mfumbati: Shajara ya Karakana, Kisumu, Januari hadi Agosti 2025

11 Januari

Leo nimeanza rasmi kazi ambayo nimekuwa nikiizungumzia tangu mwaka juzi, yaani kutengeneza gitaa la umeme kwa mikono yangu katika karakana hii iliyo karibu na soko la Kibuye, ambamo kwa kawaida mimi hutengeneza vitanda, meza na makabati. Aliyeniingiza katika jambo hili ni mpwa wangu, mpigaji gitaa katika bendi ndogo ya benga. Mwaka jana aliniletea gitaa lake alilolinunua dukani kwa bei nafuu, akaniuliza, "Mjomba, wewe ni mtu wa mbao. Mbona shingo hii imepinda?" Nililaza rula ya chuma juu ya freti, vile vijichuma vinavyokatiza shingo, nikainama kutazama, nikaona mwanga ukipenya chini ya rula kwa upana wa karibu milimita 2 katikati ya shingo. Fimbo ya chuma iliyofichwa ndani ya shingo, ambayo kazi yake ni kushindana na mvuto wa nyuzi, ilikuwa imekazwa hadi ikafika mwisho wake, na bado haikuweza kuirudisha. Kwa macho ya seremala, ule ulikuwa ubao uliochongwa kabla haujakauka.

Nyuzi sita za ukubwa wa kawaida, ambazo wembamba wake unaanzia inchi 0.010 na unene wake unaishia inchi 0.046, zikikazwa hadi sauti yake ya kawaida huivuta shingo kwa jumla ya takriban kilo 46, usiku na mchana, gitaa likipigwa au likining'inia ukutani. Ni kama kufunga mfuko wa saruji kwenye ncha moja ya kijiti chenye unene wa milimita 21 na kukitazamia kisipinde kwa miaka 20. Kwa sababu hiyo nimeamua kwamba muda mwingi wa mradi huu utaliwa na shingo, na kiwiliwili kitasubiri.

Umbali kati ya kizingiti cha juu, kinachobeba nyuzi kwenye ncha ya shingo, na daraja, linalozibeba kwenye kiwiliwili, yaani sehemu ya uzi inayotetema, nimeuweka kuwa milimita 648, sawa na inchi 25.5. Hicho ndicho kipimo alichokitumia Leo Fender wa Fullerton, California, katika magitaa yake ya mwaka 1950. Namheshimu mtu huyu kwa sababu ya kiseremala: hakuwa mpigaji gitaa hata kidogo, alikuwa fundi wa redio, na badala ya kuigundisha shingo moja kwa moja kama wafanyavyo watengenezaji wa fidla, aliifunga kwa skrubu nne ili ikiharibika ifunguliwe na kubadilishwa. Nami nitaifunga kwa skrubu nne.

Umbo litakuwa na mkato wa kina upande wa nyuzi nyembamba, ili mkono ufike kwenye freti ya 22 bila kugonga kiwiliwili. Anayepiga gitaa la mbele katika benga huishi huko juu. Mtindo huu ulizaliwa na wapigaji waliohamishia kwenye gitaa mwendo wa nyatiti, ala ya Wajaluo yenye nyuzi nane, na ndiyo maana gitaa hilo hudonoa sauti moja moja, kwa kasi, kwa wembamba na uwazi, likimjibu mwimbaji. Gitaa lisilofikika juu halina kazi kwa mpwa wangu.

25 Januari

Mbao ya shingo nimeipata Siaya, chini ya dari ya nyumba ya marehemu nyanya. Kitanda chake cha mvule kilivunjwa zamani, matendegu yakageuzwa kuwa miguu ya viti, lakini mifumbati miwili, zile mbao ndefu za ubavuni, ilibaki imelala juu ya boriti, myeusi kwa moshi wa jikoni. Mjomba wangu alinikabidhi mmoja bila maneno mengi, akaniomba tu nisiupeleke kuuza. Nilipoukwangua kwa patasi, chini ya masizi nikakuta rangi ya kahawia yenye dhahabu, na nyuzinyuzi zilizonyooka kuliko za mvule wowote unaoletwa mjini siku hizi.

Sikutaka kuamini umri wake tu. Nilikata kipande kidogo cha gramu 60, nikakiweka ndani ya oveni kwenye nyuzijoto 103, nikawa nakitoa na kukipima kila baada ya saa chache hadi uzito ulipoacha kushuka. Kilisimama kwenye gramu 54. Maana yake maji yaliyokuwamo yalikuwa gramu 6, na ukizigawanya kwa gramu 54 za ubao mkavu unapata unyevu wa asilimia 11, ambao ni mzuri sana kwa mtu anayeishi kando ya ziwa.

Kiwiliwili kitakuwa cha mgrevilea, mti wa asili ya Australia uliopandwa kandokando ya mashamba ya magharibi ya Kenya hadi watoto wetu wanaudhani ni wa hapa. Fundi wengi wanaudharau kwa kuwa ni wa bei ya chini, na mimi naona wanakosea. Ukipasuliwa vizuri hutoa mabaka yanayong'aa kama kitambaa cha hariri, si mzito, na unapokea gundi bila ubishi. Kipande chake, hata hivyo, kilitoka gramu 92 hadi 78, yaani unyevu wa karibu asilimia 18. Mbao hizo nimezipanga nyuma ya karakana kwa vijiti katikati ili hewa ipite, nikapaka rangi kwenye vichwa vyake ili zisipasuke, na sitazigusa kabla ya Aprili.

8 Februari

Mfumbati nimeupasua vipande vitatu kwa urefu, nikaugeuza ule wa katikati ili nyuzinyuzi zake zielekee upande wa pili, kisha nikaviunganisha tena kwa gundi. Kipande kimoja kikitaka kupinda kulia, jirani yake anakivuta kushoto. Vibano kumi na kimoja vilitumika, na bado nilitamani cha kumi na mbili.

Mvule una siri ambayo kila fundi aliyewahi kuupiga randa anaijua. Ndani yake mara nyingine hujificha jiwe, chokaa ngumu ambayo mti wenyewe huiweka penye jeraha, na halionekani hadi bledi iligonge. Nilikuwa nimenoa randa kwa nusu saa nzima, ikawa inatoa maranda membamba ya kupenyeza mwanga, mara nikasikia mlio kama wa sarafu iliyoanguka sakafuni. Bledi ilipata pengo la milimita 1, na kuanzia hapo kila randa niliyoipitisha iliacha mstari ulioinuka juu ya ubao. Jiwe lenyewe lilikuwa dogo kuliko punje ya mtama. Nililichokoa kwa ncha ya msumari, nikajaza shimo kwa unga wa mvule uliochanganywa na gundi, na jioni yote ikaishia kwenye jiwe la kunolea.

Vumbi la mvule nalo si la kuchezea. Huwasha macho na kifua, na kijana anayenisaidia alipiga chafya hadi tukampa barakoa na kumkalisha karibu na mlango.

22 Februari

Fimbo ya chuma nimechongewa na fundi wa kulehemu jirani kutoka kwa chuma cha milimita 5, yenye nyuzi za skrubu kwenye ncha moja na kichwa kilicholehemewa kwenye ncha nyingine. Mfereji wake ndani ya shingo haukunyooka. Unaanza na kina cha milimita 9, unazama hadi 12 katikati, kisha unapanda tena. Fimbo iliyolazwa humo imepinda kidogo, na ukiikaza hutaka kunyooka, na kwa kunyooka kwake huinua katikati ya shingo kuelekea upande wa nyuzi, kinyume kabisa na kule nyuzi zinakoivuta. Juu yake nimegundisha utepe wa mbao uliochongwa kufuata mpindo uleule. Nilijaribu kuikaza kabla ya kuendelea, na shingo iliinuka waziwazi chini ya rula. Ilinipa furaha isiyolingana na ukubwa wa jambo lenyewe.

8 Machi

Siku hii ningependa kuifuta, lakini shajara isiyoandika makosa ni tangazo la biashara.

Ubao wa vidole, ule utakaobeba freti, ni kipande cha mzeituni mwitu, mti mgumu na mzito unaostahimili kukwaruzwa na nyuzi kwa miaka. Mahali pa freti hupatikana kwa hesabu moja tu: unachukua urefu wa uzi uliobaki, unaugawanya kwa 17.817, na jibu ni umbali wa kwenda freti inayofuata. Kwa milimita 648, freti ya kwanza inakaa milimita 36.37 kutoka kizingitini. Unatoa hizo, unagawanya tena, unapata ya pili, na kwa mwendo huo unafika ya 12, ambayo lazima iangukie katikati kabisa ya uzi, kwenye milimita 324, kwa sababu nusu ya uzi hutoa sauti ileile ikiwa imepanda oktava moja.

Hesabu yangu ilikuwa sahihi, mkono ndio ulioponza. Nilipima kila freti kutoka kwa ile iliyoitangulia, kwa penseli, kama ninavyopima misumari ya rafu. Unene wa mstari wa penseli haukunishughulisha. Nilikata mifereji yote 22 kwa msumeno mwembamba, kila mmoja kwa kina cha milimita 2.5, nikapuliza vumbi, kisha nikapima freti ya 12 kutoka kizingitini ili kujifurahisha tu. Ilikuwa kwenye milimita 325.6. Nilipima tena kwa rula nyingine, nikapata jibu lilelile. Kosa la karibu milimita 0.13, ambalo kwenye kabati hakuna mteja atakayeliona maishani mwake, lilikuwa limejirudia mara 12 kuelekea upande uleule, na sasa oktava ingekuwa juu kwa karibu senti 9, katika kipimo ambacho nusu toni moja ni senti 100. Sikio la mpwa wangu lingelisikia kabla ya ubeti wa kwanza kwisha.

Hakuna dawa ya mfereji uliokatwa mahali pasipo pake. Ungeweza kuuziba na kuukata upya, lakini milimita 1.6 ni karibu mno na mfereji wa zamani, na msumeno hurudi ulikozoea. Ubao ule niliutundika ukutani juu ya meza yangu, na uko hapo hadi sasa.

Jumatatu nikaanza upya na kipande cha pili. Safari hii rula ya chuma iligundishwa kwa utepe kando ya ubao na haikusogezwa hadi mwisho. Kila alama ilisomwa kutoka kizingitini, ya pili 70.70, ya tano 162.55, ya 12 324.00, ya 22 466.16, na badala ya penseli nilitumia ncha ya kisu, ambayo alama yake haina unene wa kubishaniwa. Msumeno niliuongoza kwa kipande cha mbao kilichopigwa pembe mraba. Nilipomaliza nilipima freti ya 12 mara nne, na mara zote nne ilikuwa mahali pake.

29 Machi

Kifurushi kilichotoka ng'ambo kimefika baada ya kusubiriwa kwa wiki nyingi, kikiwa na waya wa freti, vikazio sita vya nyuzi, daraja la chuma, sumaku na kibiringo cha waya mwembamba wa shaba. Ushuru niliotozwa ulinifanya nikae kimya kwa muda.

Uso wa ubao wa vidole nimeupa mviringo kidogo, kama kipande kilichokatwa kwenye duara lenye nusukipenyo cha milimita 305, kwa kusugua na msasa uliobandikwa kwenye kigogo chenye umbo hilo. Freti nilizipinda kidogo zaidi ya mviringo huo ili ncha zake zisiinuke, nikazigonga kwa nyundo ya mpira, ncha kwanza, kisha katikati. Freti inayokaa vizuri hubadilisha mlio wa nyundo. Unasikia "tok" tupu ikigeuka kuwa "tak" iliyoshiba, na hapo unaacha. Mbili zilikataa, ya 6 na ya 17, nikazishika kwa tone la gundi.

26 Aprili

Kiwiliwili kilikwenda haraka, na sina mengi ya kusema juu yake. Mgrevilea umeshuka hadi asilimia 13. Nimeunganisha mbao mbili katikati, nikakata umbo kwa msumeno wa jigi, nikachimba kwa mashine ya ruta mfuko wa shingo na vyumba vya umeme, nikazungusha kingo kwa tupa na msasa. Unene ni milimita 44, uzito kilo 2.3. Mfuko wa shingo ndio pekee ulionichukua muda, kwa kuwa nilitaka shingo iingie kwa kusukumwa na ibaki imeshikwa hata kabla ya skrubu. Sasa ninaweza kuliinua gitaa zima kwa kushika shingo tu, na mtoto wa jirani amekwisha kuniomba nirudie mchezo huo mara tatu.

Wapo wanaosema kwamba mti wa kiwiliwili ndio roho ya sauti ya gitaa la umeme. Mimi, niliyekula mkate wa mbao miaka yote hii na ambaye ningefaidika sana na imani hiyo, siiamini kwa kiwango hicho. Sumaku na waya husikia mtetemo wa uzi wa chuma, hazisikii ubao. Ubao mgumu na uliotulia humsaidia uzi kutetema kwa muda mrefu, na shingo imara zaidi, lakini hayo mengine huwa ni maneno ya muuzaji.

10 Mei

Nimekosa subira, na mvua imeniadhibu. Kiwiliwili nilikiziba vinyweleo kwa sandingi sila, nikakipaka rangi ya chai nzito, kisha nikaanza kukipulizia laka ya selulosi kwa kompresa. Mchana kulikuwa na jua kali. Saa tisa hivi wingu lilipanda kutoka ziwani, upepo ukageuka ukawa baridi, nami nikajiambia kwamba mkono mmoja zaidi hautachukua dakika kumi. Laka ilikuwa ingali mbichi mvua ilipoanza kupiga mabati, na mbele ya macho yangu uso wote uliokuwa ukimeta ulifumba, ukawa mweupe kama kioo cha dirisha kilichopumuliwa. Thina inapokauka kwa kasi huupoza uso wa laka, na unyevu wa hewa hugeuka matone humo na kunaswa.

Niliiacha hadi Jumanne asubuhi yenye jua kavu, nikapuliza mkono mwembamba wa thina ya kukauka polepole. Laka ilifunguka tena, maji yakatoka, weupe ukatoweka isipokuwa alama ndogo karibu na kitufe cha mkanda, ambayo niliiondoa kwa msasa. Tangu hapo napuliza kati ya saa nne na saa saba mchana tu, na jumla imekuwa mikono minane. Laka hii itaachwa mwezi mzima ikakamae kabla ya kusuguliwa.

Shingo sikuipulizia laka, kwa maana mkono unaotoka jasho hushikamana nayo. Nilianza na mafuta ya kitani, lakini mvule una utomvu unaochelewesha mafuta kukauka, na baada ya siku nne bado ulikuwa unanata. Niliufuta kwa thina nikapaka shelaki nyembamba kwanza, na juu yake mafuta yakakubali. Matambara ya mafuta ya kitani niliyatandaza kwenye kamba nje. Yakikunjwa na kurundikwa hupata joto yenyewe na yanaweza kuwaka moto bila kiberiti, na karakana yenye maranda mlangoni haihitaji somo hilo kwa vitendo.

14 Juni

Pikapu. Hapa Kenya neno hili humfanya mtu afikirie gari la kubebea viazi, lakini kwenye gitaa ni kifaa kidogo kilicho chini ya nyuzi: sumaku sita zilizosimama, zilizozungushiwa waya wa shaba uliopakwa enameli. Uzi wa chuma ukitetema juu ya sumaku huusumbua ugasumaku, na usumbufu huo huzaa umeme mdogo ndani ya waya.

Waya una unene wa milimita 0.063, mwembamba kuliko unywele wa watu wengi, na kila pikapu inataka karibu mizunguko 8,000. Nimetengeneza mashine kutokana na mota ya cherehani yenye pedali, kwa hiyo mguu ndio unaoamua kasi. Kuhesabu kulinisumbua hadi kijana wangu alipoleta kikokotozi kibovu cha shule. Tulikifungua, tukaunganisha kitufe chake cha jibu na swichi ndogo iliyotolewa kwenye kipanya cha kompyuta, tukaifunga swichi hiyo mahali ambapo kijino cha gurudumu kinaibonyeza kila mzunguko. Ukiandika 1 kisha alama ya kujumlisha, kila bonyezo la kitufe cha jibu linaongeza moja. Kikokotozi kinahesabu, mimi naongoza waya kwa vidole viwili.

Vidole ndivyo kazi yenyewe. Ukiubana waya unakatika, ukiulegeza unajikunja na kuacha mapengo. Pikapu ya kwanza ilikatika kwenye mzunguko wa 5,214, na sikuusikia ukikatika. Nilichoona ni namba zikiendelea kupanda huku vidole havishiki kitu. Ya pili ilifika 8,000, multimita ikasoma kiloomu 6.1. Ya tatu, itakayokaa karibu na shingo, nilizigeuza sumaku zake juu chini, ili pikapu zote mbili zikitumika pamoja zifute mvumo wa umeme. Zote mbili nilizichovya kwenye nta ya moto hadi viputo vilipokoma, ili waya usitetemeke wenyewe na kupiga mbinja sauti ikipandishwa.

12 Julai

Vyumba vya umeme nimevibandika karatasi ya shaba pande zote na kuiunganisha na waya wa ardhi, kwa sababu umeme wa nyumba zetu hubadilisha mwelekeo mara 100 kwa sekunde na pikapu za koili moja huunasa mvumo huo kama redio. Waya mwingine umetoka hapo hadi chini ya daraja. Kuna potenshiometa mbili za kiloomu 250, moja ya sauti na moja ya toni, kapasita ya mikrofaradi 0.047, na swichi ya nafasi tatu.

Nilipoliunganisha na amplifaya mara ya kwanza, pikapu ya daraja ilisikika vizuri, ya shingo vizuri, lakini zote mbili kwa pamoja zikatoa sauti nyembamba na ya puani, kama mtu anayezungumza ndani ya debe, na mvumo ukaongezeka badala ya kupungua. Nilidhani nimeunguza kitu kwa chuma cha kulehemu. Ilinichukua chakula kizima cha jioni kuling'amua. Nilizigeuza sumaku za pikapu ya shingo lakini nikaizungushia waya upande uleule, basi sauti za pikapu hizo mbili zilikuwa zinavutana na kufutana, ilhali mvumo, ambao haujali sumaku, ulikuwa unajumlishwa. Kubadilishana ncha mbili za waya za pikapu ya shingo kuliyageuza yote mawili kwa mpigo mmoja. Sauti ikajaa, na mvumo ukazimika.

2 Agosti

Kizingiti nimekichonga kutoka kwa mfupa wa mguu wa ng'ombe nilioupata buchani, nikauchemsha, nikauloweka kwenye sabuni kwa siku mbili na kuuanika juani hadi ukaacha kunuka. Vijimfereji sita vimekatwa kwa tupa za sindano. Freti nilizipaka wino wa kalamu nene, nikapitisha tupa ndefu bapa hadi wino ulipofutika kwenye zote, kisha nikarudisha mgongo wa mviringo kwa kila moja. Katikati ya shingo, kwenye freti ya 7, nimeacha nafasi ya milimita 0.25 chini ya uzi, na kwenye freti ya 12 nyuzi ziko juu kwa milimita 1.6 upande mwembamba na 2.0 upande mnene.

Gitaa zima lina kilo 3.6.

9 Agosti

Mpwa wangu alikuja na mzee mmoja aliyepiga gitaa katika bendi za benga tangu ujana wake, akiwa amevaa kofia ya kufuma licha ya joto. Nilimwekea kiti, nikamwambia, "Karibu, Mzee, lijaribu." Hakuligusa kwanza. Aliligeuza akatazama mgongo wa shingo, akapitisha kidole gumba kwenye mistari mitatu ya mvule, akauliza mbao imetoka wapi. Nilimweleza kuhusu mfumbati. Akacheka, akasema, "Basi limelaliwa vya kutosha. Sasa liamke."

Alianza chini, polepole, kisha akapanda na kubaki kule juu kwa dakika nzima, vidole vyake vikirukaruka kati ya freti ya 10 na ya 19, sauti zikianguka moja moja kama mtama kwenye sinia. Kijana wangu aliacha kupiga msasa. Alipomaliza alinirudishia gitaa na malalamiko mawili. Uzi wa tatu unalia kwenye freti ya 14, na kingo za freti upande wa chini zinamkwaruza kiganja. La kwanza lilikuwa kweli: freti ya 15 ilikuwa imeinuka kwa unene wa karatasi, nikaigonga na kuipiga tupa palepale. La pili sikuwa nimelisikia kwa sababu viganja vyangu vimekufa ganzi kwa kazi. Nilizungusha ncha zote 44 kwa tupa ndogo hadi saa mbili usiku.

30 Agosti

Wiki tatu zimepita, na katikati yake kumekuwa na mvua ya siku nne. Nimelipima tena gitaa, nyuzi zikiwa zimekazwa. Nafasi kwenye freti ya 7 imeongezeka kutoka milimita 0.25 hadi 0.33. Nimekaza nati ya fimbo kwa robo ya mzunguko, nikasubiri hadi baada ya chakula cha mchana, nikapima. Imerudi 0.25. Oktava kwenye freti ya 12 iko sawa kwa nyuzi tano. Uzi wa sita ulikuwa juu kwa senti 3, nikakirudisha nyuma kitandiko chake, kile kijichuma kinachoubeba kwenye daraja, kwa milimita 1. Mpwa wangu amelichukua saa kumi jioni, likiwa ndani ya sanduku la mbao ya msonobari ambalo nililitengeneza kwa asubuhi moja.